Kapteni Akiba na Ile Injini Iliyobaki

Hebu mwoneni akifika kazini. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mtu mfupi, viatu vinang'aa, anaingia hangani, banda la helikopta, kwa mlango wa pembeni. Kalamu mbili mfukoni, miwani moja machoni na nyingine inaning'inia shingoni. "Kimoja kitagoma tu," alikuwa akisema. Wenzake wakambandika jina la Kapteni Akiba, naye akaliitika mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano, baba fundi cherehani na mama mkunga. Mama alisimulia kwamba siku hiyo alizalisha wanawake wawili kabla zamu yake mwenyewe haijafika. Ndiyo maana, alisema, huyu alizaliwa na subira.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, kisha sekondari, kisha chuo cha ufundi alikohitimu mwaka 1973 kama fundi wa injini. Alitengeneza helikopta kwa miaka sita kabla ya kuruhusiwa kuirusha. Alipata leseni ya urubani mwaka 1980, akabeba wagonjwa kwa helikopta za injini mbili, na kuanzia 1988 hadi alipostaafu mwaka 2013 alifundisha marubani kutua injini moja inapozimika.

Tarehe 14 Agosti 1982 alimwoa mwalimu wa hisabati. Bwana harusi alikuja na pete mbili za bibi harusi. Shangazi mtu akaiona ya pili, akamaka: "Na hii ya nani tena, bwana?"

"Ya huyuhuyu, shangazi. Ile ya kwanza ikipotea."

Watu walicheka mpaka ibada ikasimama. Mwaka 2001 pete ya kwanza ilikwenda na maji ya vyombo. Hii mnayoiona leo kidoleni mwa mjane ndiyo ile ya pili.

Kazini kuna siku moja ambayo hakuificha, nasi hatutaificha. Tarehe 6 Juni 1991 alikuwa angani na mwanafunzi. Kama ilivyo desturi ya zoezi, alishusha nguvu ya injini ya kushoto bila kumwonya. Kijana, kwa haraka ya kutaka kuonyesha kwamba ameitambua iliyokufa, akakamata mkono wa kuzimia injini isiyo yenyewe, akazima ya kulia. Iliyokuwa nzima. Walikuwa futi mia nne tu juu ya ardhi, muda wa kuirudisha hata moja haukuwepo. Kapteni alichukua usukani, mapanga ya juu yakazungushwa na upepo peke yake, wakatua kwenye nyasi kwa kishindo. Miguu ya helikopta ilipinda. Yao ilikuwa salama.

"Nimetuua, Kapteni," kijana alisema.

"Marehemu haombi msamaha, bwana mdogo. Fungua mlango tushuke."

Katika ripoti aliandika: "Kosa ni langu. Nilimfundisha kutafuta iliyokufa." Tangu siku hiyo alibadili somo. Injini ikishushwa, mwanafunzi hakuruhusiwa kugusa kitu kabla hajanyoosha kidole na kujibu swali moja: "Imebaki ipi?" Akishaitaja iliyobaki, ndipo watue nayo. Kijana yule baadaye akawa mkuu wa marubani. Ni mmoja wa waliobeba jeneza asubuhi hii.

Tarehe 21 Novemba 2021 marehemu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakampotea. Wodini, mke wake aliinama sikioni: "Baba watoto, acha kuutazama huo mkono. Imebaki ipi?" Akainua mkono wa kushoto, taratibu, akamnyooshea yeye. Kwa mkono huo alijifunza upya kula, kufunga vifungo na kutia sahihi ripoti za shule za wajukuu. Homa ya mapafu ilimlaza mwishoni mwa Januari, akafariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 73.

Tangu Jumanne hiyo mjane wake amekuwa akisema neno moja: "Nyumba imezimika." Hali chakula, na funguo amewakabidhi watoto. Hatumlaumu, miaka arobaini na miwili si mchezo. Ila Kapteni hakupenda orodha ya vilivyokufa, kwa hiyo tunaandika waliobaki. Wamebaki mabinti wawili na kaka yao, wakwe watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na mdogo wake anayesoma wasifu huu. Wamebaki marubani mia moja na kumi na wawili aliowafundisha kutua.

Apumzike kwa amani ndugu yetu. Safari hii injini zote mbili zimezimwa kwa utaratibu, baada ya kutua.

Nawe shemeji, mwenye ile pete ya akiba, swali ni lake, mimi nalisoma tu: imebaki ipi?