Hollis Burdette na Kazi Ambayo Hakutaka Kuiacha

Wasikilizaji wapendwa, leo hatuna matokeo, hatuna mahojiano, na simu zote nimezifunga. Msihangaike kupiga. Leo nazungumza peke yangu. Jina langu bado ni Royce Tidmore, na nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Hollis Burdette amefariki. Amefariki Jumapili asubuhi, nyumbani kwake Mtaa wa Sycamore, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kocha mkuu wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo cha Lattimer, hapa hapa kwetu Mississippi. Miaka kumi na tisa. Chuo kimoja. Nyumba moja. Benchi moja kanisani, la nne kutoka mbele, upande wa dirisha.

Mnazijua zile orodha. Kila mwezi wa Julai magazeti ya michezo yanatupangia vyuo, ni wapi penye kazi nzuri ya ukocha mkuu na wapi pabaya. Wanahesabu viti vya uwanja. Wanahesabu vijana wa sekondari wenye kipaji wanaoishi karibu na chuo. Wanaangalia kuna matajiri wangapi wa kuifadhili timu, na chumba cha wachezaji kina marumaru au kina sakafu ya saruji. Mwaka huu, kati ya vyuo mia na ishirini, sisi ni wa mia na kumi na moja. Mwaka jana tulikuwa wa mia na tisa. Tunashuka hata mahali ambapo hapana tena pa kushuka.

Orodha hizi zinaniudhi, na nitawaambia kwa nini. Kocha Burdette aliwahi kuisoma moja hapa studio, miwani ikiwa puani, mpaka mwisho. Akaikunja. Akaniuliza, "Royce, hawa jamaa walioandika hivi, wamewahi kufungwa?"

Nikamwambia, "Sidhani, Kocha."

"Ndiyo maana. Kazi hii huijui mpaka ufungwe. Ukifungwa Jumamosi, halafu Jumapili ukaingia kanisani, ukakuta benchi lako lipo, na mtu akakusogezea kitabu cha nyimbo bila kukuangalia kama umemwibia ng'ombe, hiyo ndiyo kazi nzuri. Hayo mengine ni samani."

Alikuwa anajua anachosema. Alikuja Lattimer akiwa na miaka thelathini na minane. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi kumi na moja akashinda moja. Moja, wasikilizaji. Sasa, mnajua desturi yetu ya huku Kusini kocha akituudhi. Tunamchomekea mabango ya "Nyumba Inauzwa" kwenye nyasi za mbele ya nyumba yake, ili akiamka aelewe. Mkewe, Bi Verna, aliniambia kwamba Jumapili ya mwisho ya msimu ule Hollis aliamka mapema, akasimama dirishani na kikombe cha kahawa, akiyasubiri mabango. Alisimama mpaka kahawa ikapoa. Hakuja mtu. Saa tatu akaja mama yangu mzazi, Eunice Tidmore, na pai ya viazi vitamu, akasema, "Mwanangu, mwaka ujao mfanye angalau ziwe mbili."

Mwaka uliofuata zikawa sita. Na Hollis Burdette akasema kimoyomoyo kwamba hatoki hapa.

Wakubwa walimfuata, msidhani hawakumfuata. Mara mbili. Nitawasimulia mara ya kwanza tu, maana ya pili ilikuwa hiyo hiyo. Kilikuwa chuo kikuu chenye uwanja wa watu elfu themanini. Walimpokea na gari refu. Wakamwonyesha chumba cha wachezaji ambacho ndani yake, sitanii, kuna maporomoko ya maji. Akatazama yale maji, akauliza, "Dobi yuko wapi?"

Wakashangaa. Wakamshusha chini, kwenye chumba cha kufulia jezi. Akamkuta mzee mmoja anakunja soksi. Kocha akavuta kiti, akaanza kumsaidia kukunja.

"Wewe utakuwa kocha wangu wa tano," yule mzee akamwambia. "Tangu binti yangu aanze darasa la kwanza."

"Na sasa yuko la ngapi?"

"La saba."

Kocha akamaliza soksi, akashukuru, akarudi nyumbani. Bi Verna alipomuuliza habari za kazi ile, alimjibu, "Wana maji mengi. Lakini kule kila mwenye hela anaweza kunipigia simu Jumapili asubuhi kuniambia nimchezeshe nani. Hapa ananipigia mtu mmoja tu, naye ni mama yake Royce."

Huyo ndiye mtu tuliyekuwa naye. Mnaona kwa nini nina hasira?

Sasa tuje kwenye wiki ile. Ilikuwa Desemba, miaka kumi na minne iliyopita. Msimu wake wa kumi na tisa. Tulikuwa tumeshinda mechi kumi, tumefungwa moja. Hatujawahi kuwa hivyo kabla yake, wala hatujawahi baada yake. Na wiki hiyo hiyo chuo kikuu kimoja cha jimbo la jirani, mwendo wa saa sita kwa gari, kilimfukuza kocha wake.

Jumatatu jioni, dada yake Hollis alianguka. Dada mmoja tu aliyekuwa naye, Imogene, mwalimu wa piano. Alikuwa akiishi katika mji ule ule wa chuo kile kikuu kwa miaka thelathini. Akalazwa, na daktari akasema ni suala la siku. Bwana Gantt, mfuga kuku wetu mkubwa, akamwambia Hollis, "Chukua ndege yangu, usipoteze saa sita barabarani." Jumanne asubuhi ndege ikaruka. Na Imogene alikuwa ameshamwonya kwa simu, "Usimwambie mtu yeyote. Sitaki watu wa kanisani kwenu waje kunililia na mabakuli ya kuku." Hollis akaahidi. Alikuwa mtu akiahidi, ameahidi.

Lakini mnajijua ninyi watu wa Lattimer ikifika Desemba. Mnakaa kwenye uzio wa kiwanja kile kidogo cha ndege na darubini na kiti cha kukunja. Mnajua namba za mkiani mwa ndege kuliko mnavyojua siku za kuzaliwa za wake zenu. Ndege ya tajiri ikielekea kwenye mji ambao kazi iko wazi, basi kwenu kocha ameshahama, ameshanunua nyumba, na watoto wameshaandikishwa shule.

Jumatano saa kumi na mbili jioni ndiyo ilikuwa Saa ya Kocha. Tulikuwa tukiitangaza moja kwa moja kutoka mgahawa wa Nadine, watu wakila kambare wa kukaanga na kumuuliza Kocha maswali. Siku ile kiti chake kilikuwa kitupu. Simu ya kwanza ikawa ya Delmer, fundi wa mashine za kukatia nyasi.

"Royce, imeruka saa mbili asubuhi jana. Nimeiona kwa macho yangu haya. Imetua kule kule."

"Labda Bwana Gantt ameenda kuuza kuku, Delmer."

"Kuku? Gantt mwenyewe nimemwona benki saa nne. Siku hizi kuku wanajiuza wenyewe?"

Mgahawa mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, mkanda upo. Mwanamke mmoja meza ya karibu, ambaye Bi Verna alimpikia wiki nzima alipojifungua, akasema kwenye kipaza sauti changu, "Mwache aende. Wote ndivyo walivyo. Wanatuita familia mpaka wapate mji wenye maduka." Wakapiga makofi.

Alhamisi asubuhi Bi Verna alifungua mlango akakuta mabango kwenye nyasi. Miaka kumi na tisa hayakuwahi kuwekwa, hata mwaka ule wa ushindi mmoja. Sasa tumeshinda kumi, yakawekwa saba. Aliyang'oa peke yake, na gauni la nyumbani, na majirani wakiwa nyuma ya mapazia. Siku hiyo hiyo vijana wanne wa sekondari waliokuwa wameahidi kuja kwetu wakasema hawaji. Waje kufanya nini, kama kocha anaondoka?

Ijumaa saa sita mchana bodi ya chuo ilikutana. Mwenyekiti alikuwa Bwana Thaddeus Pell. Walikuwa wamempigia Hollis tangu Jumatano, simu yake imezimwa. Wakadhani anawazungusha ili wampandishie dau. Bwana Pell akasema, na hili liliandikwa gazetini, "Hatutasubiri mpaka tuachwe." Kwa hiyo wao wakawahi kuacha. Saa nane wakampa mkono kocha mwingine.

Hollis aliwasha simu saa tisa. Imogene alikuwa amekata roho asubuhi ile. Hollis akampigia Bwana Pell, akamweleza alikuwa wapi na kwa nini. Bi Verna anasema Bwana Pell alimjibu, "Hollis, tumeshasaini."

Ndivyo ilivyokwisha. Kazi ambayo kwa ajili yake aliwakatalia wakubwa mara mbili, aliinyang'anywa akiwa amekaa kando ya kitanda cha dada yake.

Wengi walimwambia ajitokeze aseme ukweli. Binti yake, Corinne, alimsihi. "Baba, ongea. Watu wataelewa." Akamjibu, "Nikiongea nitakuwa nimemfanya shangazi yako kisingizio. Hakutaka ajulikane anaumwa, seuze kusemwa redioni." Akanyamaza. Akapata kazi ya kufundisha udereva shule yetu ya sekondari, akaifanya miaka kumi. Nusu ya watu wa mji huu walio chini ya miaka thelathini amewafundisha yeye kuegesha gari. Hata mjukuu wa Bwana Pell, Kocha alimrudishia mtihani mara mbili, na mara ya tatu akampa cheti na kumsifu. Uwanjani hakukanyaga tena. Jumamosi za mechi alikuwa akikata nyasi, na kelele za uwanja zikizidi anaongeza mashine moto.

Ukweli ulipojulikana, ulijulikana vipande vipande. Tangazo la ibada ya Imogene. Nesi mmoja aliyeolewa huku. Mpaka kufika majira ya kuchipua, kila mtu alikuwa anajua, na hakuna aliyekwenda Mtaa wa Sycamore kubisha hodi. Tuliona aibu, na aibu yetu tukaiita heshima. Tangu hapo tumekuwa na makocha sita ndani ya miaka kumi na minne. Sita. Yule dobi wa maporomoko angetucheka. Halafu tunauliza kwa nini hakuna kocha wa maana anayetaka kazi ya Lattimer. Tunasema ni uwanja. Tunasema ni barabara. Jamani, uwanja ni ule ule. Kizuri cha kazi ile tulikuwa sisi, na tulikiharibu kwa siku nne.

Nasema sisi. Nimezunguka vya kutosha.

Juzi nilikwenda kwa Bi Verna kuomba ruhusa ya kipindi hiki. Nilimkuta jikoni anafuta meza ambayo ilikuwa safi. Akaniambia, "Wewe mtoto wa Eunice, nikuambie kitu. Useme yote au usiseme lolote."

Kwa hiyo nasema yote. Jumatano ile, saa kumi na moja na nusu, nusu saa kabla hatujaenda hewani, Bi Verna alinipigia simu pale kwa Nadine. Aliongea taratibu. "Royce, nina shida. Hollis yuko kwa dada yake, ni mgonjwa sana. Usitaje dada, ameahidi. Wewe sema tu Kocha haondoki. Watu wanakusikiliza wewe. Sema hivyo tu."

Nikamwambia, "Sawa, Bi Verna. Nitasema."

Halafu simu ya Delmer ikaingia. Kisha taa zote nane za simu zikawaka kwa pamoja, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu nianze kazi hii. Watu walikuwa wamesimama mpaka nje ya mlango wa Nadine. Nikajiambia nitasema karibu na mwisho. Mwisho ulipofika nikajiambia nitasema kesho. Alikuwa ameniomba maneno mawili, nami nilijaza saa nzima bila kuyasema. Miaka kumi na minne Bi Verna hakumwambia mtu nje ya nyumba yake. Na Kocha alijua. Kila tulipokutana dukani alinipa mkono, akaniuliza mama yangu hajambo.

Bi Verna, Corinne, na wajukuu, poleni. Pole si neno kubwa, lakini ndilo nililonalo, na nalitoa bila kisingizio. Mazishi ni kesho saa tano asubuhi, kanisani kwao. Chuo kiliomba yafanyike uwanjani. Familia imekataa, na wana haki.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, Desemba inakuja, na ndege zitaruka. Kabla hujapiga simu hapa kutuambia nani anakwenda wapi, kaa chini ufikirie kuna mtu nyumbani anayekusikiliza, anasubiri useme jambo moja la kweli. Lifikirieni hilo usiku wa leo. Mimi nitalifikiria mpaka nife.

Na sasa niseme nilichotumwa. Kocha Hollis Burdette haondoki.