Nilivyokwenda Ukweni na Helmeti Kichwani

Bwana apewe sifa, wapendwa! Na ninyi wa kule nyuma mlioegemea ukuta, sifa zake ziwafikie huko huko, maana naona mmeanza kucheka kabla sijasema neno. Mnanijua. Mimi ndiye yule dada wa pikipiki nyekundu, ambaye watoto wa hapa Milanzi wakimwona wanakimbia wakipiga kelele, "Mwanaanga! Mwanaanga!" Leo nimesimama kumshukuru Mungu aliyeniokoa na mauti na aibu kwa mpigo mmoja. Na niseme ukweli, ndugu zangu, asubuhi ya siku ile nilikuwa naiogopa aibu kuliko mauti.

Kwa wageni, naitwa Tusajigwe. Kwetu ni Mbeya. Serikali iliniajiri kuwa afisa mifugo ikanileta huku Rukwa, na ng'ombe wa Ufipa hawakai mjini wakisubiri chanjo. Wanafuatwa walipo, kwa pikipiki, tope likiwepo na vumbi likiwepo.

Baba yangu ni fundi pikipiki. Siku naondoka Mbeya hakunipa hotuba ndefu. Alinipa helmeti yenye kioo, jaketi nene lenye sponji ngumu mabegani na viwikoni, glovu, vikinga magoti na buti za kufika karibu na magoti. Akaniambia, "Tusa, pikipiki ikivunjika taa nitakutafutia spea, zimejaa. Wewe ukivunjika goti, spea yako sijui nikaulizie duka gani." Kisha akanivalisha helmeti mwenyewe, akaifunga kamba chini ya kidevu, akaivuta mpaka nikakohoa. Ndipo akaniombea.

Basi nikawa mtu wa kuvaa. Nikienda vijijini, navaa. Nikienda sokoni, navaa. Nikienda kununua chumvi dukani pale kwenye kona, navaa! Jirani yangu aliniuliza, "Dada, hata kwenye kona?" Nikamjibu kwamba lami haiulizi mtu anakwenda wapi. Siku nyingine vijana wa kijiweni waliniona nimesimama, kioo kimeshuka, wakanisalimia, "Oya mshikaji, mambo!" Nikajibu, "Poa," kwa sauti hii hii mnayoisikia, mmoja akadondosha kikombe cha kahawa.

Hata katika wapendwa wapo walionijia. Mmoja aliniambia, "Dada Tusa, imani yako ni ndogo. Mlinzi wako ni Mungu au ni kofia?" Iliniuma, ndugu zangu. Nikamwuliza kama yeye nyumbani analala mlango wazi. Akasema hapana, anafunga komeo na kufuli. Tukaombeana, akaenda zake.

Sasa nikampata Festo. Ndiyo, huyo huyo anayeangalia chini. Mwalimu, mpole, kwao ni Kate. Baba yake alishafariki, mama yake anaishi huko huko, ni mkulima wa mahindi na ulezi, Mkatoliki wa kweli kweli, mama anayeheshimiwa kijiji kizima. Ikapangwa siku nipelekwe nikaonwe na ukoo. Nilifurahi! Nilishona gauni la kitenge la bluu, nikajitazama kwenye kioo nikasema, Bwana, leo hata mimi ninavutia.

Kumbe habari zangu zilishatangulia. Festo ana baba yake mdogo, Baba Oswald, anayefanya biashara ya samaki kutoka Wampembe, kule ziwani. Huyo aliniona siku moja mnadani, kwa mbali, nimekaa juu ya pikipiki nimevaa vyote, akaulizia mimi ni nani, akaambiwa. Akakimbia na habari nyumbani: Festo anaoa askari! Ukoo ukatuma neno. Mkwe aje kama mwanamke, asije na yale manguo ya vitani.

Festo akaja kwangu amenywea. "Tusa," akasema, "nakuomba siku hiyo moja tu. Vaa gauni lako. Hiyo helmeti iache hapa. Mimi natangulia kusaidia maandalizi, na gari la kukodi litakuja kukuchukua asubuhi."

Nikakubali. Ningefanyaje? Nilikuwa nampenda.

Asubuhi gari halikuja. Nikampigia dereva. Akasema gari limegoma kuwaka, na fundi amelifungua lote limelala chini vipande vipande. Nikatafuta gari lingine, likakosekana, ilikuwa siku ya mnada. Nikabaki nimesimama uani na gauni la bluu, mbele yangu pikipiki, ndani kwenye msumari limetundikwa jaketi.

Ndugu zangu, hapo ndipo palipokuwa na vita! Sauti moja ikaniambia, panda hivyo hivyo na gauni lako, ni siku moja, nani atakuona? Nikapiga magoti. Nikasema, "Bwana, nikivaa nitakosa mume. Nisipovaa sijui nitakosa nini. Nionyeshe!" Sikusikia sauti yoyote kutoka juu. Nilichosikia ni kidevu changu kikikumbuka mkono wa baba. Nikainuka. Nikalikunja gauni juu kwa ustadi, nikavaa ovaroli ya kazini juu yake, jaketi juu yake, vikinga magoti, buti, glovu, helmeti. Nikawa mnene kama gunia la mahindi lililojazwa na mtu mchoyo wa magunia. Nikawasha.

Njia nzima nililia. Na niwaambie, msijaribu kulia ndani ya helmeti. Kioo kinaota ukungu, na pua huwezi kuifuta. Upepo wa Ufipa ulikuwa unavuma kama unavyovuma, na mimi moyoni nilikuwa nimeshaachika kabla ya kuolewa.

Nilipoingia kwenye njia ya changarawe inayokwenda kijijini kwa akina Festo, nikasikia honi nyuma yangu. Pikipiki ikanipita. Mzee mmoja, shati la mikono mifupi limejaa upepo, kandambili miguuni, kofia ya pama kichwani, na nyuma amefunga tenga la samaki, migebuka. Harufu ilinifikia hata ndani ya kioo. Aliponifikia ubavuni akapaza sauti, "We kijana! Unakwenda vitani?" Akacheka, akaongeza mafuta, akatangulia.

Angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini kicheko kilikuwa kitamu, akageuka nyuma anicheke tena. Na hapo hapo nguruwe akatoka shambani.

Nguruwe mkubwa, wapendwa! Akakatiza njia bila haraka. Mzee aliporudisha macho mbele, nguruwe alikuwa ameshajaa njia yote. Akakamata breki, pikipiki ikalala, mzee akaserereka juu ya changarawe kama sabuni kwenye sakafu, tenga likapaa. Mimi nilikuwa karibu mno. Nikafunga breki, gurudumu la nyuma likanikataa, nikaanguka ubavu. Niliburuzwa kwa kiwiko, nikaburuzwa kwa goti, kichwa kikapiga chini ko! Nikaishia kwenye dimbwi la tope kando ya njia. Na migebuka wakanifuata, wengine wakaingia kwenye kola ya jaketi.

Nguruwe akatutazama, akaendelea na safari yake.

Nikalala pale nikasubiri maumivu. Nikachezesha vidole, vikacheza. Nikakunja goti, likakunjika. Nikashika kichwa, nikakuta helmeti imepata mchubuko mrefu upande wa sikio, na chini ya mchubuko ule sikio langu zima! Hapo nikapiga kelele, "Asante Yesu!" Sauti ikapigia ndani ya kofia mpaka masikio yakalia. Haleluya!

Halafu nikasikia mtu anaugua. Yule mzee alikuwa amekaa katikati ya njia anaitazama mikono yake. Ndugu zangu, sitaki kuwaharibia hamu ya chakula cha mchana. Kiwiko, goti, kiganja, ngozi ilibaki kwenye changarawe. Kofia ya pama ilikuwa mtini. Mungu alimhurumia, kichwa hakikuguswa, na mifupa ilikuwa mizima. Nikamwendea.

"Pole sana, mzee wangu."

"Asante, kijana," akasema. Nikainua kioo. Akashtuka kuliko alivyomshtukia nguruwe. "Kumbe binti!"

Nikatoa maji yangu ya kunywa na sabuni, maana mimi hutembea na mkoba wa kazi. Nikamwosha vidonda akilalamika kama ndama. Ndani ya mkoba akaona kopo la dawa ya kupulizia, ile ya zambarau.

"Nipulizie hiyo, mwanangu."

"Hii ni ya ng'ombe, mzee. Twende zahanati."

"Zahanati nitakwenda. Kwa sasa mimi ni ng'ombe, nipulizie!"

Nikamnyima. Akainyakua mwenyewe, akajipulizia mikono, magoti, na kwa bahati mbaya shavu moja. Akawa wa zambarau. Tukaokota samaki waliookoteka. Pikipiki yake ilikuwa imepinda usukani, tukaisogeza kwenye nyumba ya jirani, nikampakia kwenye yangu, tenga tukalifunga nyuma yake. Nilipokuwa nataka kuwasha akaniuliza, "Na wewe hasa ulikuwa unakwenda kwa nani?"

Nikamwambia, kwa mama Festo.

Mzee akarefusha shingo juu ya bega langu anitazame usoni. Kisha akasema polepole, "Wewe ndiye mkwe? Si tuliambiwa unakuja kwa gari?"

"Ndiyo, mzee. Kama watanikubali."

"Mimi naitwa Oswald," akasema, akashika jaketi langu kwa nyuma, nikawasha.

Sasa fikirieni tunavyoingia uani! Akina mama wamejipanga, vigelegele vimeanza, ghafla vikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mbele ni mimi, tope kuanzia helmeti hadi buti, mkia wa mgebuka umechungulia shingoni. Nyuma ni baba mdogo, nusu zambarau. Festo alikuwa ameshika beseni, akaliachia. Nikashuka, nikapiga goti hivyo hivyo kwa shida, maana vile vikinga havipendi kupiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande," mama akajibu akirudi nyuma. "Amefanya nini tena huyu shemeji yangu?"

Nilitamani lile dimbwi linifuate nizame humo. Nikasema moyoni, yamekwisha, Tusajigwe. Rudi kwa ng'ombe wako.

Lakini Mungu ana watu wake wa kusema! Yule yule aliyenipeleka mbele ya ukoo kama askari, siku ile ndiye alinitetea. Baba Oswald akasema kwa sauti, "Shemeji, huyu si afande. Huyu ndiye mkwe. Tumeanguka mahali pamoja, saa ile ile, kwa nguruwe yule yule. Mtazame yeye, halafu nitazame mimi."

Mama akasogea. "Vua tukuone," akaniambia.

Nikaanza kuvua mbele ya ukoo mzima. Helmeti, nywele zangu zikashuka, msuko haujafumuka. Glovu, mikono safi. Jaketi. Vikinga magoti. Buti. Ovaroli. Gauni la bluu likashuka lenyewe mpaka kwenye vifundo, limejikunja kidogo tu, wala tope halikuligusa. Kijiji kizima kikavuta pumzi. Mama hakulitazama gauni. Aliliokota jaketi, akatafuta kiwiko, akakuta kitambaa kimeliwa na changarawe hadi kwenye sponji. Akaingiza kidole kwenye lile tundu. Akakamata kiwiko changu, akakipapasa, akakigeuza huku na huku kama anayechagua boga sokoni. Kisha akaenda kukishika kiwiko cha shemeji yake. Baba Oswald akapiga yowe lililowatoa kuku uani.

Mama akasema jambo kwa Kifipa. Mimi ni wa Mbeya, sikuelewa, lakini akina mama wote walianguka kicheko. Nikamwangalia Festo kwa hofu. Festo akanitafsiria akifuta machozi: "Anasema mwenye ngozi aingie ndani ale. Aliyeacha ngozi njiani apelekwe zahanati."

Ndipo vigelegele vikarudi. Na mimi nililia tena, lakini safari hii nililia mahali pa wazi na pua nikafuta vizuri. Haleluya! Nilikwenda na hofu ya kukataliwa kwa sababu ya manguo, na manguo yale yale ndiyo yalinifikisha nikiwa mzima wa kukubaliwa!

Tulifunga ndoa. Baba Oswald alipona, ingawa kwa muda mrefu alilala chali, na nusu ya Kate ilikwenda kumpa pole ili wamwone alivyo zambarau. Siku hizi ana jaketi, ana buti, ana helmeti. Anavaa hata akipeleka samaki nyumba ya tatu. Juzi amenipigia simu kulalamika kwamba vijana wanamcheka.

Ndugu zangu mnaoendesha, na ninyi mnaopanda nyuma, nawasihi kwa upendo. Mwaminini Mungu kwa moyo wote, na kamba ya helmeti mfunge. Msiseme ni mwendo mfupi, msiseme ni siku moja, msiseme gauni litajikunja. Gauni linapigwa pasi! Mungu aliyetupa akili ya kutengeneza pikipiki alitupa na ya kutengeneza jaketi, tusipokee moja tukamrudishia nyingine. Wewe unayeona aibu kuchekwa, njoo tuombe pamoja baada ya ibada, nitakusindikiza mimi mwenyewe kuchagua inayokutosha.

Na sasa nimalize kwa shukrani, maana nina mgeni. Mama mkwe wangu ametoka Kate, yuko kwetu wiki hii. Leo nimempakia nyuma kumleta kanisani. Nilimvalisha kila kitu, nikamfunga kamba ya kidevu kwa mkono wangu. Mama, simama wakuone. Simama tu, mama, usiogope, ni wapendwa.

Ameni! Mpigieni Bwana makofi!

Mama, sasa unaweza kuivua helmeti. Tumeshafika.