Babu Forodha Aaga Geti na Pipi Zetu

Leo, tarehe 29 Novemba, mlinzi wa geti letu kuu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua mabegi. Walimu humwita Mzee. Sisi wanafunzi wa bweni humwita Babu Forodha, kwa sababu hakuna pipi, biskuti wala soda iliyowahi kuvuka mpaka wake salama.

Kanuni ya shule inasema vyakula vinavyokamatwa getini viharibiwe. Babu aliitii kanuni hiyo kwa moyo wote na kwa meno yote. Kila shule ilipofunguliwa, kibanda chake kilinukia chokoleti wiki nzima, na maganda ya pipi yalipeperuka hadi uwanja wa mpira.

Kisha akaanza kusikia kiu isiyoisha na kwenda msalani kila mara. Geti likawa halina mtu, na miongoni mwetu kipindi hicho hukumbukwa kama neema. Yeye alilaumu joto. Muuguzi wa zahanati ya jirani alipomtoboa kidole na kumwambia ana kisukari, aina ya pili, Babu aliomba kidole kingine kipimwe, kwa kuwa hicho kilikuwa kimeshika pipi asubuhi. Muuguzi akamnawisha, akapima kingine. Nacho kikasema vilevile.

Shule nzima ikageuka hospitali. Mpishi alimletea mizizi michungu. Dereva alimletea shemeji yake, anayetibu kila kitu isipokuwa kikohozi chake mwenyewe. Mwalimu wa sayansi alimweleza habari za kongosho kipindi kizima, huku akichovya biskuti kwenye chai. Babu naye alitangaza kwamba ameacha sukari, maana sasa anatumia asali. Pipi za kukamata, alisema, hazidhuru, kwa kuwa hakuzinunua. Nyumbani, mkewe alimpimia chakula kwenye sahani ya mjukuu yenye picha ya sungura. Alikula hadi sungura akaonekana, kisha akaja kazini kuharibu biskuti.

Kilichomzindua ni pini ya ubao wa matangazo. Ilimwingia kiatuni asubuhi, akazunguka nayo uzio hadi jioni bila kuisikia. Mkewe ndiye aliyeiona damu kwenye soksi. Muuguzi alisafisha kidonda, akamweleza bila kumbembeleza kwamba kisukari huua hisia za miguu, na kwamba kukatwa huanza na kidole na huweza kuishia gotini. Mtu anayepata riziki kwa kuzunguka uzio hawezi kusikia neno hilo akabaki vilevile. Babu alirudi getini, na siku ile alirudisha begi la mtu bila kulifungua.

Tangu hapo anajikagua kama alivyotukagua sisi, yaani bila huruma. Kila asubuhi hugeuza viatu na kuvikung'uta, hutazama nyayo zake kwa kioo cha mkewe, na humeza dawa kengele ya kifungua kinywa inapolia. Pipi alizokamata alianza kuzipeleka ofisi ya walimu zikaharibiwe huko. Zinaharibiwa vizuri sana. Vifungo vya mashati ya walimu wetu ni mashahidi. Kidonda kilifunga. Vipimo vyake vimeshuka, na muuguzi, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alicheka.

Jana mwalimu wa nidhamu, mwenyekiti wa kamati ya sherehe hii, alifika getini na boksi. Babu akamwomba alifungue, kama anavyomwomba yeyote. Ilikuwa keki, yenye jina la Babu kwa sukari nyekundu. Mwalimu, kwa sauti ya chini ambayo hatujawahi kuisikia darasani, alimwambia, Mzee, ni kipande kimoja tu. Babu akajibu kwamba kila kipande alichokula maishani kilikuwa kimoja tu. Kisha akaizuia.

Kwa hiyo wageni msishangae kuona mezani karanga na maji. Keki ilipelekwa ofisi ya walimu, na kanuni ikafuatwa. Muuguzi naye amealikwa leo, amekuja na kipimo chake. Sisi wanafunzi tunatumaini kwamba walimu watatoa vidole.

Babu, asante kwa kutulinda, na kwa kutuonyesha kwamba hata forodha inaweza kujikagua. Unatoka getini na miguu yote miwili. Sasa hakuna uzio wa kuizungusha. Itembeze unakotaka, uende mbali, na uishi vyema.