Mtu wa Nne Katika Picha: Maisha ya Manang Prasing, Mpiga Picha wa Tabuanan

Eufrasia Tacuyan Taleon, ambaye mji mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Manang Prasing, yaani Dada Prasing, kama vile mwanamume huitwa Manong, alizaliwa tarehe 3 Mei 1938 katika kitongoji cha Bitas, mjini Tabuanan, mkoa wa Iloilo. Alikuwa mtoto wa tano na binti pekee wa marehemu Hilarion Tacuyan, aliyekuwa na studio ya picha mkabala na soko, na marehemu Soledad Tupaz, aliyeuza vitumbua vya mchele mlangoni mwa studio hiyo hiyo. Wateja waliingia kupigwa picha wakatoka wameshiba.

Vita vilipofika, mzee Hilarion aliifunga kamera yake kwa turubai, akaizika chini ya banda la nguruwe, kisha familia ikakimbilia milimani. Ilipofukuliwa mwaka 1945 ilikuwa nzima, ila ilinuka, na iliendelea kunuka mpaka ilipostaafu. Mabibi arusi wa zamani wanaoonekana wamekunja pua kwenye picha zao wasihukumiwe kwa maringo. Studio ilikuwa ndogo na dirisha lilikuwa moja.

Kwa sababu ya vita alichelewa kuanza shule. Alimaliza shule ya msingi ya mjini mwaka 1952 akiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, na marehemu hakuchoka kulitaja hilo mpaka uzeeni. Akaendelea na sekondari ya masista huko Iloilo Mjini. Mwaka 1955, akiwa kidato cha tatu, baba yake alipata mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kaka zake wote wanne walikuwa mabaharia, kila mmoja kwenye meli yake. Prasing akafunga sanduku lake, akarudi nyumbani kuwa macho ya baba yake.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mkuu wa polisi wa mji, aliyekuja na sare mpya.

"Baba yako yuko wapi?" aliuliza.

"Si yule pale kwenye kiti."

"Sasa nani anapiga?"

"Mimi, Manong. Baba anahesabu sekunde."

Mkuu wa polisi aliguna kwa dharau, lakini alikaa. Picha yake ilitoka nzuri kiasi kwamba aliagiza nakala sita, moja ya mama mkwe wake ambaye hawakuwa wakisemeshana.

Kwa zaidi ya miaka hamsini Manang Prasing aliupiga picha mji huu ukiwa kazini. Hakuwa mtu wa mandhari. "Mlima hautaenda popote," alisema, "lakini karani wa posta anahamishwa mwezi ujao." Aliwapiga picha walimu siku ya kufunga shule, wauza samaki wakibishana na mkaguzi wa mizani, mafundi umeme siku taa ya kwanza ilipowaka kwenye uwanja wa mji, wafungwa wakifagia mbele ya gereza lao wenyewe. Mwaka 1962 alikipiga picha kikosi cha zimamoto na gari lao jipya. Gari lilikataa kuwaka, naye akasema mwanga upo upande wa kanisa, basi wazima moto wakalisukuma mpaka kanisani wakiwa na kofia za chuma vichwani na jasho likiwatiririka. Kwenye picha wanaonekana kama watu waliotoka kupambana na moto mkubwa. Kamanda wao aliipenda sana.

Hakuna asiyejua kwamba watu watatu wakipigwa picha peke yao, wa katikati ndiye atakayetangulia kaburini. Serikali nayo, haijulikani nani aliishauri, kila ofisi ya mji huu iliipa watumishi watatu: posta watatu, maktaba watatu, gereza askari watatu. Hakuna aliyekubali kusimama katikati. Wengine walisukumana mpaka mwanga ukapotea. Basi kila mara ilibidi atafutwe mtu wa nne wa kuvunja nuksi, na kila mara mtu huyo alikuwa yule yule: Crispulo Taleon, fundi cherehani, mume wa mpiga picha.

Walijuana kwa ajili ya koti. Studio ilikuwa na koti moja la kuazima kwa wanaume wasio na koti, nalo siku moja lilichanika mgongoni juu ya bwana arusi mnene. Prasing alilipeleka kwa Crispulo, akalishona likawa kama jipya.

"Unanidai ngapi?" Prasing aliuliza.

"Ukilipa leo, Inday, kesho utarudi kufanya nini?" alijibu Crispulo, akimwita kama wasichana wote wa kwetu wanavyoitwa.

Walifunga ndoa tarehe 11 Februari 1961 katika kanisa la parokia. Picha ya arusi walimwachia mpiga picha wa kutoka Iloilo Mjini, ambaye kabla ya ibada alikaribishwa tembo la mnazi na wajomba wa bwana arusi. Picha hiyo ipo mpaka leo. Inaonyesha mabega mawili, shada la maua na mbwa wa paroko. Mungu aliwajalia watoto watatu, Herminia, Policarpo na Ludivina, na ndoa iliyojaa utani hadi Crispulo alipofariki kwa kiharusi tarehe 9 Oktoba 1994.

Mwaka 1998 Tabuanan iliadhimisha kumbukumbu ya kuanzishwa kwake, na kamati ikaomba picha za zamani zitundikwe ukumbini. Manang Prasing alitoa zote alizokuwa nazo. Walioandika maelezo chini ya picha walikuwa vijana wa kamati ambao hawakumjua Crispulo. Wakamwandika "karani wa posta", "mzima moto", "mkutubi msaidizi" na "askari magereza". Mji ukampa hata cheti cha utumishi wa umma, marehemu wa watu. Wanawe walitaka makosa yasahihishwe. Mama yao alicheka mpaka akashika ukuta.

"Waacheni! Maskini baba yenu maisha yote hakuwa na cheo. Angalau sasa apandishwe."

Kicheko hicho nusura kituponze sote. Hayati Don Teopisto Tayongtong, bwana mwenye ardhi nyingi, alikitoa kiwanja cha zahanati kwa watu wa mji huu mwaka 1966. Karatasi za zawadi hiyo zilikwenda na kimbunga cha 1984, pamoja na paa la ukumbi wa mji na kibao kilichokuwa mlangoni mwa zahanati. Mwaka 2003 wanawe watatu walikuja na barua kudai kiwanja kirudi kwao, wajenge maduka. Kulikuwa na ushahidi mmoja tu: picha ya ufunguzi, ya tarehe 12 Juni 1966, iliyopigwa na Manang Prasing. Ndani yake Don Teopisto ameshika mkasi, mkunga wa zahanati yuko kushoto, meya yuko kulia, na juu yao kibao kinachosomeka kwamba ardhi hii imetolewa kwa watu wa Tabuanan milele. Pembeni kabisa amesimama Crispulo.

Kikao cha baraza kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wajawazito wa vitongoji vya mlimani walikuwepo, kwa sababu zahanati ikivunjwa wangelazimika kusafiri mpaka mkoani kujifungua. Mtoto mkubwa wa Don, Leonides, alisimama akiwa na picha za ukumbini mkononi.

"Waheshimiwa madiwani, tazameni wenyewe. Mtu huyu yuko posta. Huyu huyu yuko zimamoto. Huyu huyu askari jela! Ama mama yake alizaa mapacha wanne, ama mpiga picha huyu anapanga watu na vibao kama mchezo wa kuigiza. Mtachukua ardhi ya mtu kwa picha ya mchezo?"

Madiwani wakatazamana. Manang Prasing alikuwa na miaka sitini na mitano. Ikiwa picha moja ni uongo, zote ni uongo, na kazi ya maisha yake ingekwisha pale pale, na zahanati nayo. Alisimama.

"Huyo ni mume wangu, Leonides. Suruali ya komunyo yako ya kwanza alikushonea yeye, na ulikataa kuivua siku tatu. Mtazame hapo gerezani: askari gani huyo ana futi ya kupimia shingoni?"

Ukumbi ukacheka. Leonides hakucheka.

"Sasa alifuata nini kwenye picha ya baba?"

"Aliitwa na baba yako mwenyewe. Si unaona baba yako yuko katikati?"

"Ushirikina! Baba yangu alisoma Manila!"

"Alisoma, mwanangu. Na alivyoona wako watatu, alipiga kelele hizo!"

Diwani mmoja akauliza, "Lakini Manang, mtaa mzima una watu. Kwa nini kila mara mumeo?"

"Alikuwa karibu, mheshimiwa, na hakudai kitu." Kisha akaitoa kamera yake mkobani. "Nyinyi warithi mko watatu. Simameni hapo mbele niwapige, iwe kumbukumbu ya kikao. Kama ni ushirikina, shida iko wapi?"

Hawakuweza kukataa mbele za watu. Dada yao akawahi pembeni. "Mimi katikati siji, nina mjukuu njiani."

"Katikati ni pa mkubwa," akasema mdogo wao, akishika upande wa pili kama mtu aliyeshika kiti cha basi.

Leonides akabaki katikati. Manang Prasing akainua kamera, akaishusha, akaifuta, akainua tena. "Bado. Nyoosha shingo. Bado kidogo." Jasho likaanza kumtoka Leonides masikioni. Mara akanyoosha mkono, akamvuta kwa mkono wa blauzi katibu wa baraza aliyekuwa akipita na karatasi zake. "Dada, hebu simama hapa kidogo!"

Ukumbi mzima ulilipuka. Mwenyekiti aligonga meza huku na yeye anafuta machozi, na Manang Prasing akabonyeza. Jioni hiyo Leonides aliikana barua yake mwenyewe, na mwaka uliofuata alileta simenti ya kujengea wodi mpya ya wazazi. Picha yake na katibu imetundikwa zahanati, chini ya ile ya baba yake. Ni yeye mwenyewe aliyeomba kisa hiki kisiachwe leo.

Baada ya hapo maelezo yote ya ukumbini yalisahihishwa, na chini ya kila picha likaandikwa jina la Crispulo na kazi yake ya kweli. Marehemu aliendelea kupiga picha mpaka mwaka 2012, alipoanza kuvimba miguu. Daktari alikuta figo zimechoka. Wanawe walitaka kumpeleka hospitali kubwa Iloilo Mjini. Alikataa, akasema kama hakuipigania zahanati ili aitumie, aliipigania ya nini. Alilazwa pale pale zahanati mwanzoni mwa Julai 2016.

Mchana mmoja Herminia alikuwa ameketi kando ya kitanda, wakiandika majina nyuma ya picha zilizobaki, mama akitaja na binti akiandika. Walipofika picha ya maktaba Herminia akauliza, "Mama, ulimwambia diwani Baba alikuwa karibu. Karibu gani? Duka lake si lilikuwa ng'ambo ya daraja?"

"Ng'ambo kabisa. Nilikuwa namtumia mtu amwite."

"Na watu wote wale waliokuwa wanapita?"

"Mwanangu, mimi hayo ya katikati sikuyaamini hata siku moja. Walitaka mtu wa nne, haya, ningemsimamisha hata muuza ndizi. Lakini baba yako nyumbani alikuwa hatulii. Mara pasi, mara vifungo, mara nguo ya mtu inatakiwa kesho. Mbele ya kamera alikuwa anasimama tuli, ananitazama mimi tu. Watu walidhani natafuta mwanga. Nilikuwa nachelewesha."

Manang Prasing aliaga dunia tarehe 21 Julai 2016, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, akiwa amezungukwa na wanawe na wauguzi wa zahanati ya Tabuanan.

Ameacha watoto watatu, Herminia, Policarpo na Ludivina, wajukuu saba, kitukuu mmoja, Amparito, kaka mmoja, Gaudencio, baharia mstaafu aliyesafiri kutoka mbali kwa ajili ya siku hii, wakwe, wapwa, na mji ambao karibu kila nyumba yake ina picha aliyoipiga. Familia inawashukuru wote waliokesha nasi, waliopika, waliochemsha kahawa na waliosali novena.

Leo tunamlaza kando ya Crispulo, wawili peke yao. Ee Mungu, uwape wote wawili raha ya milele, na Manang Prasing wetu apumzike kwa amani.