Mstari Mmoja wa Profesa Esnath

Tarehe 30 Juni, Profesa Esnath Mwaisaka anastaafu baada ya kufundisha hisabati chuoni kwetu Iringa kwa miaka thelathini na mmoja. Alitoka kwao Uyole, Mbeya, na begi lililojaa makoti, akidhani baridi ya kule itamfuata huku. Kweli ilimfuata.

Utafiti wake ulihusu ulinganifu: njia zote za kukizungusha au kukigeuza kitu kikabaki kama kilivyokuwa, na kanuni zinazoziunganisha njia hizo, yaani nadharia ya makundi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimfahamu kwa soksi. Alikuwa akimwita mmoja mbele na kumwamuru avae kiatu kwanza, soksi baadaye. Darasa linaangua kicheko, na somo limeshaingia: ukibadili mpangilio wa hatua, unapata kitu kingine kabisa. Kasian, ambaye leo ni mkuu wetu wa idara, aliwahi kutembea hivyo hadi kantini.

Uprofesa aliupata kwa uthibitisho wake mrefu kuhusu makundi hayo. Tuliushangilia, tukachinja na mbuzi. Mwezi Machi, akiandaa mhadhara wa kuaga, aliusoma upya, akakuta kwenye mstari mmoja amebadili mpangilio wa hatua mbili. Yeye, mama wa soksi! Uthibitisho wote ukaanguka, na hautengenezeki. Sisi washangiliaji hatukuwa tumeona kitu, kwa hiyo aibu hii tunaigawana.

Alijifungia nyumbani Kihesa. Faustina, katibu muhtasi wetu, alipokwenda kumjulia hali, Esnath alimwambia anaona haya hata kuitwa Profesa. Kisha akaliandikia jarida lililouchapisha uthibitisho huo liuondoe, bila kungoja mtu amgundue. Mhadhara akaufuta, sherehe akaikataa.

Nilipoandika wasifu huu mara ya kwanza, niliiruka habari hiyo nikidhani namsitiri. Aliurudisha. Alisema hawezi kukaa mbele ya watu akisifiwa kwa kitu ambacho si kweli. Angekuja kwa sharti moja: tulichapishe kosa lake, la sivyo keki ya kumuaga tuile wenyewe.

Basi, kama unausoma ukurasa huu ukumbini, ujue amekuja, na kuja kwenyewe hakukuwa rahisi. Profesa, asante kwa wote uliowafundisha, na zaidi kwa hili ulilotufundisha mwaka huu. Tunakuombea mapumziko matulivu na afya njema huko Uyole unakorudi. Sasa inua uso, mama, tukupigie makofi.