Yule Aliyeanguka Mnadani Katesh

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Wazee wangu wote, shikamooni. Leo utani wangu nimeuacha nyumbani. Tumemzika Mwalimu Herman Margwe. Tumemzika Jumamosi, kwake Gendabi, na mimi nilikuwepo.

Mwalimu Herman alikuwa mwalimu wa karate. Mkanda mweusi. Asubuhi alipalilia mahindi yake, jioni alifundisha Katesh, kwenye ghala la zamani lenye sakafu ya saruji. Hakuna godoro, hakuna mkeka. Ukianguka, umeanguka. Na alikuwa mkali jamani! Ukicheka mazoezini, unakula ngumi ya tumbo. Modest, mwanafunzi wake wa siku nyingi, aliniambia: "Nilikuwa narudi nyumbani natoka damu puani. Mama akataka kwenda kumshitaki. Nikamwambia, mama acha, ndiyo najifunza."

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku moja ya mnada, kijana anayeitwa Cornel, mtu wa Mbulu, alifungua kamba ya mbuzi asiye wake. Mwenye mbuzi akapiga yowe. Mwizi! Cornel akaachia mbuzi, akatoka mbio. Na mbio alikuwa nazo, angefika barabara ya Singida asingeshikwa na mtu. Lakini Mwalimu Herman alikuwa pale anachagua jembe. Akageuka, akatupa teke moja la chini. Mguu wa Cornel ukavunjika, na waliokuwa kwenye mabanda ya nyama wanasema mlio waliusikia.

Watu wakashangilia. Mwalimu naye akatabasamu, mimi siwafichi. Kisha akaona mawe yanaokotwa. Akaona marungu. Akaona mtu anavingirisha tairi, na mwingine ana chupa ya petroli. Cornel anajaribu kuinuka, mguu unakataa.

Hapo ndipo Mwalimu alipojua amefanya nini. Kijana angekuwa na mguu mzima, angekimbia. Aliyemvunja ni yeye. Basi akarudi, akamsimamia Cornel, mguu mmoja huku, mwingine kule, kijana katikati. Akasema, "Huyu nimemwangusha mimi. Hakuna wa kumgusa."

Wakaja. Loo, wakaja! Wa kwanza alipigwa kiwiko cha mdomo, akatema meno. Mwenye rungu alipigwa goti la mbavu, akalala anakoroma. Mwenye petroli alivunjwa mkono, chupa ikapasuka chini. Mawe yakaendelea kunyesha. Na wanafunzi wake mwenyewe walikuwa kwenye kundi lile, wasikilizaji. Modest alikuwepo. "Nilimlenga mwizi," anasema, "jiwe likampata sensei, mwalimu wangu. Jicho likapasuka nikiona. Alinipiga teke la kifua, sikuinuka tena."

Hakuondoka mpaka polisi walipofika. Jicho limekwenda, vidole vimevunjika, kichwa kimepasuliwa kwa rungu. Lakini mawe mengine yalikuwa yameshapita katikati ya miguu yake. Cornel alifia hospitali kesho yake. Kwa sababu ya mbuzi, wasikilizaji. Mbuzi!

Mjini watu walimcheka Mwalimu. Eti kampa mwizi jicho lake, na mwizi mwenyewe kafa. Mjane wake, Gaudensia, ananiambia: "Chakula kilikuwa hakipiti. Alikuwa ananiambia, mama, nimeshindwa, yule mtoto alikuwa mikononi mwangu."

Tangu hapo somo lake la kwanza likawa lile lile. Mmoja analala chini, mwingine anamsimamia, darasa zima linawavamia kwelikweli. Aliyelala akiguswa, hupandi mkanda. Narudia: aliyelala akiguswa, hupandi mkanda, hata uwe unapasua matofali. "Kumwangusha mtu ni rahisi," alikuwa anawaambia. "Akishaanguka, ni wako. Utamlinda wewe." Alifundisha hivyo kwa jicho moja mpaka wiki iliyopita, presha ilipompanda shambani.

Mazikoni alikuja mama mmoja mzee, ameshuka na basi la Mbulu, hakuna anayemjua. Gaudensia akamwamkia shikamoo, akamuuliza yeye ni nani. Akasema, "Marahaba. Mimi ni Bernadina, mama wa Cornel." Pale nikaogopa. Modest akarudi nyuma ya watu. Nilidhani amekuja kumlaani marehemu.

Mama Bernadina akasema: "Huyu alimvunja mwanangu mguu. Asingemvunja, mwanangu angekimbia. Nimemchukia miaka yote. Lakini nilipofika hospitali, mwanangu alikuwa na uso. Nilimtambua. Akaniita mama. Jirani yangu, mwanawe walimchoma moto, yeye akapewa majivu. Nimekuja kushukuru kwa ule uso."

Gaudensia na wanao, poleni sana, sisi sote tumefiwa. Mama Bernadina, pole na wewe. Pole hii Katesh tulikunyima, na inatuaibisha. Na wewe unayenisikiliza, Jumatano ni mnada. Ukisikia yowe la mwizi, na jiwe tayari liko mkononi, jiulize kwanza mama yake akija atakuta nini.