Mnyama wa Eyasi na Njia ya Ng'ombe wa Ngoyai

Mgeni Rasmi, ndugu yetu uliyekula vumbi tangu Karatu bila kununa, karibu Mang'ola. Sisi wakulima wa vitunguu wa Mfereji wa Chini tumefurahi kukuona. Tumefurahi zaidi kuona umevaa viatu vigumu, na sababu utaijua kabla hatujamaliza. Anayekusomea ni Bibiana, katibu wetu, ila maneno ni ya wote, hata ya Ignas aliyebishia kila sentensi.

HISTORIA YETU

Wengi wetu tulitoka Singida, Dodoma na Mbulu, kila mtu na jembe lake begani. Tuliyemkuta hapa ni Ngoyai, mfugaji, ng'ombe wake wakinywa kwenye chemchemi. Ndiye aliyetuonyesha wapi maji ni matamu na wapi yana chumvi. Msimu wa kwanza, vitunguu vilipokataa kabisa, watoto wetu walikunywa maziwa ya kibuyu cha mkewe, Soila. Hilo hatujalisahau, ingawa kuna miaka tuliishi kama watu waliolisahau.

MAFANIKIO

Siku hizi vitunguu vimekubali na malori yanatufuata yenyewe. Kila msimu tulisogeza matuta kidogo, na mwaka uliofuata kidogo tena, mpaka chemchemi ikazungukwa pande zote. Njia ya ng'ombe ikawa tuta la Ignas, likafuata la Bibiana, tukafuata sisi wengine. Ngoyai hakugombana na mtu. Aliwageuza ng'ombe wake akawateremsha Ziwa Eyasi, wakanywe kwenye vidimbwi vya ukingoni.

MATATIZO

Masika yaliyopita ziwa lilijaa. Asubuhi moja Ngoyai aliona ng'ombe wake wamesimama, masikio mbele, hakuna anayekunywa. Akatazama walikotazama. Mgongo mweusi, mrefu, ulikuwa ukipita kwenye maji ya kina kifupi, na mbele yake kichwa kipana chenye ndevu za kuning'inia. Ng'ombe walitawanyika. Mtamba wake mwekundu, aliyemlea kwa mkono baada ya mama yake kufa, alikimbilia kwenye tope akazama. Ngoyai alimshika pembe, akawa anamwimbia kama alivyomwimbia utotoni, mpaka tope lilipomfika yeye mwenyewe kifuani. Alitoka peke yake.

Nasi, Mgeni Rasmi, tulicheka. Ignas alikulia kando ya ziwa Kitangiri, na samaki anawajua kuliko shemeji zake. Alisema yule ni kambale tu, na kwamba mtu ambaye kwao samaki haliwi atamjuaje kambale? Akamletea mmoja mkavu kutoka mnadani, ndevu zikiwa kamili. Ngoyai alimgeuza kwa fimbo, akamtazama kwa adabu, akasema huyu ni mtoto. Tangu siku hiyo kijiji kiligawanyika. Wapo wa kambale, wapo wa mamba, wapo wa joka, na kilabuni watu walikaa kwa makundi. Hata kwaya ilitaka kuvunjika.

Kisha akaja mtaalamu mmoja wa wanyama. Alitembea ukingoni na darubini, akala chakula cha mchana, akatangaza mkutanoni kwamba ziwani hakuna mnyama. Na kama hakuna mnyama, akasema, ng'ombe wanywe ziwani, njia ya chemchemi ya nini? Ngoyai hakurudi ziwani. Akawa anawapandisha ng'ombe wake mlimani kutafuta maji, wanarudi jioni mbavu nje. Sasa ameamua kuhamia Endulen, na Soila ameshafunga vibuyu. Hilo limetuuma. Kumbe mtu unaweza kumzoea mpaka ukamsukuma nje ya nyumba yake na usisikie kitu.

Tukashauriana. Kama njia inahitaji mnyama, basi mnyama tutamleta sisi. Tuliandika humu kwenye risala kwamba wote tumemwona, na Ignas, mkuu wa kambale, alijitolea kusema amemwona mara mbili, tena akiwa na mapembe. Tukaenda kumsomea Ngoyai apate kufurahi. Alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Ignas.

"Mimi nimemwona," alisema. "Ninyi hamjamwona. Msimwone kwa ajili yangu. Kama ni njia, toeni kwa sababu ng'ombe wana kiu."

Tulirudi nyumbani, na Ignas mwenyewe ndiye aliyeomba kalamu. Maneno yale tumeyafuta.

MAOMBI

Kwa hiyo hatukuombi uamue kama mnyama yupo. Ubishi huo tuachie wenyewe, tuna miaka mingi ya kuutumia. Hatukuombi pia ututolee njia, kwa maana imeshatoka. Jana, Ngoyai akiwa mlimani, tuling'oa vitunguu vyote vilivyoziba njia, vingali vichanga. Aliyeanza ni Ignas, kwenye tuta lake mwenyewe, huku akinung'unika kwamba bado ni kambale.

Tunachoomba ni neno lako mbele ya watu wote, kwamba njia hii haitalimwa tena na yeyote, sisi tukiwa wa kwanza kukatazwa. Tunajijua. Bei ikipanda tutaanza tena kusogea kidogo.

Na ombi la mwisho. Vumbi lile unaloliona mlimani ni Ngoyai anakuja kutuaga. Hajui kitu. Atafika kwenye matuta, atataka kuzunguka kama alivyozoea. Umekuja kufungua lango la mfereji, na utepe uko tayari, lakini tunakusihi usiukate kwanza. Tembea nasi mpaka kwenye mdomo wa njia, usimame pembeni, umwite kwa jina lake. Ng'ombe wake wakishakunywa, ndipo ufungue maji yetu.

Mungu akupe safari njema na maji matamu popote utakaposhukia. Ukipita kando ya ziwa ukaona mgongo mweusi, mwambie Ngoyai kwanza, halafu sisi, na Ignas mwishoni kabisa.

Ni sisi,
Wakulima wa Vitunguu wa Mfereji wa Chini,
Mang'ola, 1984